Kidonge Kwanza, Kitabu Baadaye

Mimi si mama mpole. Niseme hilo mapema, asije mtu akashangaa mbele ya safari. Ninauza mchele na mawese katika soko la Kasongo, na mwanamke aliyezoea meza ya soko hajui kubembeleza. Anajua kutoa na kupokea: weka chako hapa, nami niweke changu. Ndivyo nilivyomlea binti yangu wa mwisho, na ndivyo nilivyomnywesha dawa.

Binti huyo alikuwa na kifafa. Ninakitaja kwa jina lake kwa sababu mtaani kwetu watu hawakitaji, wanakizunguka. Wanasema "ile ugonjwa" huku wanawavuta watoto wao karibu. Alianza kuanguka akiwa mdogo kabisa. Siku moja aliangukia mbabula yenye makaa ya kuchemshia chai, mkono wake wa kushoto ukaungua kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Kovu lile lipo hata leo, linang'aa kama ganda la kitunguu. Tangu siku hiyo nikisikia kitu kimedondoka ndani ya nyumba, hata mwiko tu, moyo unanipasuka.

Enfirmie, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye aliyetupatia vidonge, vidogo, vyeupe. Nilikaa mbele ya meza yake, mtoto kwenye mapaja yangu, akanieleza taratibu. "Kila magaribi, kidonge moja. Usiruke hata siku moja. Ukiruka, ataanguka vibaya kupita zamani. Lakini akikaa muda murefu bila kuanguka, tutapunguza, tutapunguza tena, na siku moja dawa itaisha kabisa." Nilitaka kumbusu mikono yule bwana. Dawa itaisha! Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimrudia mtoto maneno hayo, kana kwamba nimemnunulia peremende. "Unasikia? Ukipona, dawa itaisha." Alitikisa kichwa, akanishika kidole, akatembea.

Kumbe kidonge kilikuwa kichungu. Akakitema. Kesho yake akakitema tena, mara hii juu ya gauni langu la sikukuu. Nilimpiga? Ndiyo, nilimpiga, na haikusaidia kitu. Nilikificha ndani ya ndizi. Akala ndizi yote, akaacha kidonge kwenye sahani, kisafi, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Baba yake akacheka. Mimi sikucheka, maana mimi ndiye niliyemtoa kwenye makaa.

Ndipo nikakikumbuka kitabu.

Kitabu hicho nilikipata sokoni, kwenye turubai ya muuza nguo za balo, mitumba ya Ulaya, chini ya viatu visivyo na wenzao. Kilikuwa cha Kifaransa, jalada limeng'oka, na ndani yake mnyama mkubwa wa manyoya, amevaa aproni, anaoka mikate. Anawasha tanuru, mvua inazima. Anawasha tena, upepo unazima. Majirani wamekaa na njaa zao wanamngoja. Mnyama mwenyewe sikumjua. Mtoto alimwita mbwa munene, basi akabaki mbwa munene. Nilifika sekondari, Kifaransa changu kinanitosha, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili chetu na kuongeza chumvi kila mahali: mbwa munene akawa mfanyabiashara wa Kasongo, anawagombeza wateja wanaoomba nyongeza, anaapa kwa Mungu kwamba unga umepanda bei. Mtoto alicheka mpaka akajishika tumbo. Nikijaribu kuruka ukurasa ananikamata mkono. Alilala na kitabu, alikula na kitabu, alikwenda nacho mpaka chooni.

Jioni moja nikakitoa mikononi mwake, nikakiweka nyuma ya mgongo wangu. Nikamwambia, "Kidonge kwanza, kitabu baadaye."

Akalia kidogo. Kisha akafungua kinywa.

Weee, jinsi nilivyojiona mjanja! Kuanzia siku hiyo kitabu hakikukaa tena kwake, kikawa kinakaa kwangu. Sala ya magaribi ikiisha namweka mbele yangu kwenye mkeka. Kidonge juu ya ulimi, maji, meza, fungua kinywa, inua ulimi nione. Kinywa kikiwa kitupu, kitabu kinatoka, namsomea, halafu kitabu kinarudi mafichoni. Na kwa kuwa njia hiyo ilinifaa, nikaitumia kwa kila jambo. Nani asingeitumia? Hukufagia uwanja, leo nasoma mpaka katikati tu, mbwa munene abaki na njaa yake. Umempiga kaka yako, nasoma ukurasa mmoja. Umemjibu vibaya mwalimu wa madrasa, tutaonana magaribi. Kutwa nzima niko sokoni, nikirudi niko jikoni. Sikuwa na muda wa kubishana na mtu wa kimo kile. Kitabu kilibishana kwa niaba yangu, na nyumba ikatulia.

Kisha, baada ya muda bila kuanguka, akaanza kuanguka tena.

Kwanza nilisema ni jua. Halafu nilisema ni minyoo. Alipoanguka shuleni wakamleta amebebwa, mdomo umejaa damu kwa kujing'ata, nikambeba mpaka kituo cha afya. Enfirmie alinikodolea macho. "Unamupa dawa kila siku?"

"Kila siku! Kwa mukono yangu hii!" Nilimwinulia mkono ule kama anayeapishwa. Nilikasirika kabisa. Unaniona mimi mama wa kusahau?

Akajikuna kichwa. Akasema tungoje kidogo, pengine itabidi kuongeza dawa. Nilitoka pale nimevimba, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Kama dawa imeshindwa, kimebaki nini?

Mama mkwe wangu alikuwa na jibu. Alifika kutoka Kabambare kuja kumwona mjukuu, mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, maneno machache. Alikuwapo siku mtoto alipoangukia kando ya kinu. Mimi nilipiga kelele. Yeye alipiga magoti, akamlaza ubavu, akampangusa povu kwa kikwembe chake mwenyewe, pole pole, mpaka mtoto akafungua macho. Jioni akamwita mume wangu, nami nikiwa palepale ninamenya mihogo.

"Hii dawa ya vidonge imeshindwa," alisema. "Kwetu Kabambare iko muzee anachanja watoto wa kifafa, na vidonge anakataza. Nitaenda kuvuna mupunga yangu. Nikirudi nikamukuta mutoto angali anaanguka, ninamubeba."

Mume wangu aliangalia vidole vyake vya miguu. Ni mama yake, angesema nini? Nami nilijua kwamba mama mkwe akisema anabeba, anabeba. Nilimwona binti yangu kule mbali, hana kidonge hata kimoja, moto wa jikoni uko chini, wazi, na mimi siko. Kisu kilinikata kidole na sikusikia.

Jioni hiyohiyo mama mkwe alitazama shughuli yetu ya mkeka: kidonge, ulimi, kitabu. Alipomaliza kutazama akaniuliza, "Muke wetu, unamuuzia mutoto kitu yake mwenyewe?"

"Mama, ni hivi tu dawa inaingia."

Akafyonza.

Sasa sikilizeni jambo la gunia. Kwetu mama mkwe hatoki nyumbani kwa mwanawe mikono mitupu. Anapewa gunia la mchele, na mdomo wa gunia unashonwa kwa kamba palepale mbele ya macho yake. Likishashonwa halifunguliwi njiani. Litafunguliwa kwake, mbele ya dada zake na majirani, na hapo ndipo watu watakapojua mke wa mwanawe ni mtu wa namna gani. Gunia likifika limeguswa, utasikia kwamba umetoa kwa mkono wa kulia ukachukua kwa mkono wa kushoto. Nimeona ndoa za watu zikivunjika kwa sababu ya gunia.

Mimi nilikuwa nimemtayarishia gunia zuri, la wastani. Lile kubwa lilikuwa la kwetu, limekaa wazi pembeni ya chumba. Na ndani ya lile kubwa, chini kabisa, mahali mkono unazama mpaka kiwikoni, ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, kulikuwa na kitabu. Ningefanyaje? Mtoto alikwishakigundua juu ya kabati, akakigundua chini ya godoro, akakigundua mpaka ndani ya sufuria kubwa ya sherehe. Katika mchele hakuwahi kutafuta.

Siku ya safari nilikimbia sokoni asubuhi kumtafutia mama mkwe samaki wakavu wa njiani. Niliporudi pikipiki ilikuwa mlangoni, majirani wamejaa, na nyuma ya kiti limefungwa gunia kubwa. Limeshonwa. Mume wangu akaniegemea sikioni, anatabasamu. "Nimemupa ile mukubwa. Asiende kusikia haya mbele ya watu wake."

Mama mkwe alikwishapanda. Ningesema nini, mtaa mzima unatazama? Mama, shuka, rudisha mchele, nimesahau kitu? Wangecheka mpaka Nyangwe. Nikamkabidhi samaki. Nikasema, "Mama, mufike salama." Pikipiki ikaondoka, na binti yangu akiwa amesimama kando yangu analipungia mkono gunia lenye kitabu chake.

Nilijituliza. Nilisema mama mkwe atapumzika kwanza Wamaza, katikati ya njia, kwa mdogo wake, kisha atafika Kabambare, atafungua, atakiona, atatuma. Simu? Simu yake anaiwasha siku ya Ijumaa tu, anasema moto wa betri utaisha. Nilisema mtoto ni mtoto, nitamdanganya siku kadhaa.

Magaribi ile alimeza, akafungua kinywa, akainua ulimi, akangoja. Nikamwambia kitabu kesho. Akangoja. Nikamwambia nimechoka, macho yananiuma. Akaendelea kukaa pale kwenye mkeka, ananitazama, mpaka nikaondoka mimi.

Kesho yake alifunga meno.

"Fungua kinywa."

Akatikisa kichwa. "Kitabu kwanza."

Hebu fikirini, maneno yangu mwenyewe, ananirudishia! Nilipandwa na hasira, nikambana mashavu, nikajaribu kupitisha kidonge kwa nguvu. Aliniuma. Baba yake akaja kutuachanisha. Usiku huo hakumeza, nami sikulala, nimelala ubavu nikisikiliza anavyopumua. Ukiruka, ataanguka vibaya kupita zamani. Sauti ya enfirmie haikunitoka kichwani.

Asubuhi sikwenda sokoni. Mume wangu alitoka kwenda kutafuta mpunga wa kununua, nikabaki nimekaa mlangoni, ninamchunga mtoto kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Aliingia chumbani. Akatoka ameshika kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko, kwa mikono miwili. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, nitameza yote," akasema. "Yote, sasa hivi. Unipe kitabu."

Akafungua. Kopo lilikuwa na vidonge vyeupe. Vingine vimevimba, vingine vimegandana, vingine bado vizima kama vilivyotoka kituo cha afya. Nilivitazama bila kuelewa. Kisha nikaelewa.

"Ulikuwa unaviweka wapi?"

Akainua mdomo wa juu kwa kidole. Pale, kati ya mdomo na ufizi. Siku zote mimi nilikuwa nachungulia chini ya ulimi.

Na wakati bado nimeduwaa alikwishajimiminia vidonge kiganjani, konzi nzima, mkono unakwenda kinywani. Niliupiga mkono ule kwa nguvu zangu zote. Vidonge vikaruka uwanjani, na kuku, hao wanaokimbilia chochote kinachoanguka, wakaja mbio. Ilikuwa fujo. Ninafukuza kuku kwa mguu, mkono mmoja umemkamata mtoto shingoni, mkono mwingine uko kinywani mwake, nakwangua ufizi wote, juu, chini, nyuma ya meno, napiga kelele, "Umemeza? Umemeza ngapi? Sema!" Hakumeza hata kimoja. Nilimpiga kofi. Kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili kwenye vumbi.

Dawa haikushindwa. Dawa haikuingia, basi. Na mama mkwe yuko njiani kwenda kuvuna mpunga wake, akimaliza atakuja kumbeba mtoto kwa ajili ya vidonge ambavyo mtoto hakuvimeza. Sikumuuliza binti yangu kwa nini. Nilidhani najua: ni vichungu.

Sikumngoja baba yake. Ningemngoja tungejadiliana, na tungejadiliana ningeogopa. Niliokota vidonge, nikavirudisha koponi. Nikachukua na pakiti nzima ya dawa, nikamwita motari wa pikipiki ninayemjua, mtu mzima mwenye ndevu, anayebeba mizigo yangu ya soko. Mtoto nikamweka katikati yetu, nikatufunga mimi na yeye kwa kikwembe, nikakaza fundo.

"Wamaza," nikamwambia motari. "Na usikimbie."

"Na huyu mutoto wa ile ugonjwa?"

"Endesha pikipiki."

Njia ile unaijua au huijui. Kama huijui, mshukuru Mungu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipita matope, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Nilikuwa sitazami njia, natazama mkono wa mtoto. Binti yangu kabla ya kuanguka anasugua kidole gumba juu ya nguo, anasugua, anasugua, kama anayefuta doa. Tulipokaribia daraja moja la magogo, chini maji yanapita mekundu, nikahisi kidole kinasugua tumboni mwangu.

"Simama! Simama!"

Motari alisimama gurudumu la mbele likiwa juu ya gogo la kwanza. Nilishindwa kufungua fundo. Lile fundo nililolikaza mwenyewe lilinishinda, na mtoto amekwishakakamaa. Motari alirudi nyuma hatua kadhaa, maana watu wanaamini povu linaambukiza. Nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo sitalirudia hapa. Akarudi, akakata kikwembe kwa kisu, akanisaidia kumshusha kwenye majani. Nikamlaza ubavu, kama nilivyomwona mama mkwe akifanya. Alitetemeka muda mrefu kupita siku zote. Motari alivua koti lake, akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akageuka upande wa mto.

Alipofungua macho aliniuliza, "Tumefika kwenye kitabu?"

Nikamwambia bado kidogo.

Tulifika Wamaza jua likiwa limeinama lakini bado lina nguvu. Mama mkwe alikuwa barazani kwa mdogo wake, amekaa kwenye mkeka na wanawake wa pale, wanachambua mboga. Gunia lilikuwa nyuma yake, limeegemea ukuta, halijaguswa. Alituona tumejaa matope mpaka nyusi. Akasimama. "Mutoto amekufa?" aliuliza, maana mtoto alikuwa amelala begani kwangu.

"Hapana, mama. Iko muzima."

Nikapiga magoti. Salamu zilinitoka kwa shida. Kisha nikasema nilichokuja kusema. "Mama, ninaomba tufungue gunia."

Mboga ziliacha kuchambuliwa. Mdogo wake mama mkwe akaweka kisu chini, akatazama gunia, akanitazama mimi. "Muke wa mutoto wetu amefuata muchele wake?" Akasema taratibu, kwa adabu, na ile adabu ilinichoma kuliko tusi. Wanawake wengine wakainamisha macho. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa yanavuma. Lakini nilikwishamwona mtoto juu ya magogo yale. Aibu ingeweza kunifanya nini tena?

Nikaweka kopo mbele ya mama mkwe, nikafungua kifuniko. Nikamweleza yote: mdomo wa juu, sashe nyeusi, konzi ya vidonge, kuku, daraja. "Dawa haikushindwa, mama. Hakuimeza. Sasa hataki kumeza, kwa sababu kitabu iko ndani ya muchele wako."

Mama mkwe alichukua kisu cha mboga, akaenda mwenyewe kwenye gunia, akakata kamba. Mdogo wake alisema, "Dada!" Yeye akazamisha mkono, ukaingia mpaka kiwiko, ukaingia mpaka bega, shavu lake limelala kwenye mchele. Akatoa sashe. Akapuliza vumbi. Mimi nilinyoosha mkono kupokea, kwa mazoea tu.

Alinipita. Akamwekea mtoto kitabu kwenye mapaja.

"Kamata kitu yako," akamwambia. Kisha akakaa mbele yake, magoti yanagusana. "Na sasa umuambie koko, mimi bibi yako. Hii dawa, juu ya nini unaificha? Ni uchungu?"

Mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa anapapasa kitabu pembeni pale jalada lilipong'oka.

"Ni nini basi?"

"Enfirmie alisema nikipona, dawa itaisha," akasema. "Dawa ikiisha, mama hatanisomea tena."

Nilisikia motari kule uwanjani anamwaga maji juu ya gurudumu. Mtoto alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza hesabu iliyo wazi: kitabu kinatoka kwa kidonge, vidonge vikiisha kitabu hakitoki. Basi bora vidonge visiishe. Bora kuanguka. Njia yote ile ya kutoka kituo cha afya, mimi ninaimba dawa itaisha, dawa itaisha, na yeye amenishika kidole.

Mama mkwe akanitazama. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema mbele ya dada yake na wanawake wote wale. Akasema tu, "Muke wetu, soma. Jua linaenda."

Nikakaa kwenye mkeka. Nikasoma. Nilianza vibaya, machozi yananipofusha herufi, mtoto akanisahihisha. "Hapana, hapo anagombeza kwanza." Nikagombeza. Mbwa munene akawasha tanuru, mvua ikazima, akaapa kwa Mungu. Wanawake wakasogea na mboga zao. Mama mkwe akainama juu ya picha. "Na huyu mbwa juu ya nini hana mukia?" Mtoto akamjibu kwamba mkia uko nyuma ya aproni, koko haoni. Mkate ukatoka tanuruni, majirani wakala, kitabu kikaisha. Dawa ilikuwa bado ndani ya pakiti. Sikuwa nimeitaja.

"Dawa ikiisha, kitabu haiishi," nikamwambia. "Naapa kwa Mungu. Ukipona nitasoma. Ukiwa mukubwa nitasoma. Na uwanja usipofagiwa nitakugombeza, lakini nitasoma."

Alinipima kwa macho. Mtoto wa muuza mchele huyo, haamini mtu bila kuona. Akafungua ukurasa wa kwanza tena, akanisogezea.

Nikasoma tena, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Halafu nikatoa kidonge kipya, si cha kopo. Vya kopo kesho yake nilivipeleka kwa enfirmie na ukweli wote, na nilivyogombezwa siku hiyo nilistahili. Sikumwekea juu ya ulimi. Nilikiweka kiganjani mwake, mkono ule wa kovu, nikamwachia. Mama mkwe alimpa kikombe cha maji. Kisha akageuka, akachukua sindano na kamba, akaanza kushona mdomo wa gunia lake kana kwamba halijafunguliwa. "Mupunga yangu inaweza kungoja," akasema, hakusema na mtu. Alikuwa ameahidi kumbeba akishavuna, nami nilijua mtoto habebwi tena.

Mtoto akatia kidonge kinywani, akanywa maji, koo likapanda na kushuka. Akaweka kikombe chini. Akanigeukia, akaachama kinywa wazi, na kwa vidole viwili akainua mdomo wa juu mpaka ufizi wote ukawa nje.

"Mama, angalia."

Nilitaka kuangalia. Siwadanganyi, shingo yangu yenyewe ilikuwa inakwenda. Amemeza? Hakumeza? Nikachukua kitabu.

"Funga kinywa yako, inzi itaingia," nikamwambia, nikafungua ukurasa wa kwanza.